Mrejesho na Marejesho: Jinsi ya Kukusanya Maoni Yanayoboresha Mpango wa Mafunzo

Ni siku ya mwisho ya mafunzo, saa tisa alasiri. Washiriki wamechoka, na wanaotoka mbali wanatupia jicho mlangoni kuona kama gari la kijijini limefika. Mwezeshaji anagawa karatasi za tathmini, na kila aliyemo chumbani anajua kwamba nauli itatolewa karatasi zikisharudi. Baada ya dakika tano zote zimerudi, zote zimetiwa alama mahali pamoja: "Nzuri sana." Shirika linaandika kwenye ripoti kwamba washiriki waliridhika. Miezi mitatu baadaye ofisa anapita kijijini na kukuta katibu peke yake ndiye anayejua hesabu za kikundi, na ufunguo mmoja wa sanduku la fedha uko mjini kwa mtu aliyehama.

Washiriki wale hawakuwa wanafiki. Waliulizwa na mwalimu wao, mbele ya wenzao, huku nauli ikiwa bado mkononi mwa mwulizaji. Wakajibu kama ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angejibu.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe unayeendesha shirika dogo au chama cha kijamii, uliye na mpango wa mafunzo na ufuatiliaji na unataka uwafae watu kweli. Mifano nimeitoa kwenye vikundi vya kuweka akiba na kukopa. Utaratibu wa vikundi hivi ulianza nchini Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na leo umeenea katika vijiji vya Afrika Mashariki. Wanachama hununua hisa katika kila mkutano, hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, fedha hukopeshwa, na mwisho wa mzunguko kila mmoja hupata mgao wake. Hatua nitakazoeleza zitakufaa pia ukiwa unawafundisha wahudumu wa afya wa kijiji au wakulima.

Wanakikundi wana neno wanalolitaja kila wiki: marejesho. Mkopo usiorejeshwa huua kikundi. Sisi wa mashirika nasi tuna neno letu, mrejesho, na maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mtu anapokupa maoni yake amekukopesha muda wake, ukweli wake, na pengine usalama wake. Kuanzia hapo unadaiwa.

1. Anza kwa kuandika kinachoweza kubadilika

Kabla ya kumwuliza mtu yeyote, uandike mpango wako wote kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida: tunamfundisha nani, nini, kwa siku ngapi, wapi, na baada ya mafunzo tutamtembelea mara ngapi. Ukishindwa kuufupisha hivyo, hata wanaoutekeleza hawauelewi sawasawa.

Kisha gawa mambo hayo katika safu tatu. Safu ya kwanza ni yale ambayo ninyi wenyewe mnaweza kuyabadilisha: saa za kuanza, mahali, mifano, mpangilio wa mada, idadi ya ziara. Ya pili ni yale yanayohitaji ruhusa au fedha ya mtu mwingine, kama mfadhili au halmashauri. Ya tatu ni yale yasiyobadilika. Kwa Tanzania, mathalani, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Mada ya usajili haiwezi kuondolewa kwa sababu washiriki wameiona inachosha. Namna ya kuifundisha inaweza kubadilika.

Kazi hii inakulinda usitoe ahadi ya uongo. Ukimwuliza mama mwenye mtoto mgongoni angependa mafunzo yawe ya siku ngapi, huku bajeti ya siku tatu imeshasainiwa na haigusiki, umemkopa ukijua hutalipa.

2. Watafute wasiofika ukumbini

Robert Chambers, mtafiti Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa utawala nchini Kenya, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1983 jinsi wageni wa maendeleo wanavyokosa kuuona umaskini: hupita kwenye barabara nzuri, huja wakati wa kiangazi, huzungumza na viongozi na wanaume, na hutembelea mahali ambapo tayari kuna mradi. Isome orodha hiyo kama kioo. Mara ya mwisho ulipokwenda kijijini, ulikaa na nani? Gari liliishia wapi?

Panga kuwasikia angalau hawa:

- Viongozi wa kikundi, lakini mmoja mmoja. Mwenyekiti, katibu na watunza funguo watatu huona mambo matano tofauti.
- Mwanachama asiyejua kusoma, na mwenye ulemavu.
- Mwanachama mwenye hisa chache kuliko wote.
- Aliyeacha kikundi, na aliyealikwa mafunzoni asije. Hawa ndio wenye habari usiyokuwa nayo, na ni nadra mtu kuwafuata.
- Mwenzi wa mwanachama, ambaye huona nyumbani yale yasiyoonekana kwenye kitabu cha hisa.
- Wawezeshaji wenu wenyewe, na ofisa maendeleo ya jamii wa kata, anayebaki na vikundi mradi ukiisha.

Huhitaji watu mia. Ukisikiliza kwa makini vikundi vinne vilivyotofautiana, kimoja kinachofanya vizuri, kimoja kinachosuasua, kimoja cha mbali na barabara na kimoja kilichovunjika kabla ya mzunguko kuisha, utapata mambo ya kutosha kurekebisha mpango. Angalau ziara moja iwe wakati wa mvua au wa palizi. Mpango unaofanya kazi baada ya mavuno tu, watu wakiwa na nafasi na fedha, bado haujajaribiwa.

3. Uliza kuhusu tendo, acha kuuliza kuhusu sifa

Mmarekani Donald Kirkpatrick, katika makala zake zilizoanza kuchapishwa mwaka 1959, alieleza kwamba mafunzo hupimwa kwa ngazi nne: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, na matokeo yake ni nini. Karatasi ya siku ya mwisho huishia ngazi ya kwanza. Wewe panda hadi ya tatu, na njia nyepesi ya kufika huko ni kuomba uonyeshwe.

Swali la "Je, mlielewa somo la hisa?" lina jibu moja tu kwa mtu mwenye heshima zake. Badala yake, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, sema: "Bibi, naomba unionyeshe kwenye kitabu chako una hisa ngapi mpaka leo." Akizihesabu, umejua. Akisema, "Mimi naiona mihuri tu mwanangu, hesabu anaijua katibu," umejua zaidi. Jibu hilo peke yake linakwambia somo la siku ya pili lirudiwe, tena kwa mikono badala ya ubaoni.

Haya ni maswali mengine yanayozaa:

- "Mara ya mwisho mwanachama alipochelewa kulipa, mlifanyaje? Nani alisema nini?"
- "Katika yale tuliyofundisha, lipi hamjawahi kulitumia hata mara moja?"
- "Mlipokwama, mlimwendea nani? Kwa nini yeye?"
- "Ungekuwa wewe ndiye mwalimu wa kikundi kijacho, ungeanza na nini, na ungeacha nini?"
- "Ili kuja mafunzoni, ni kazi gani uliiacha, na nani aliifanya?"

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Ukisikia kwamba binti wa miaka kumi alikosa shule siku tatu ili awaangalie wadogo zake, umepata gharama ya mafunzo yako ambayo haiko kwenye bajeti yoyote.

Uliza swali moja kwa wakati mmoja. Ukishauliza, nyamaza. Ukimya wa kijijini una kazi yake. Watu hupima maneno. Usiwasaidie kujibu.

4. Chagua njia inayolingana na watu

*Kaa mkutanoni usiseme.* Omba ruhusa, keti nyuma, utazame mkutano wa kawaida wa kikundi toka sanduku linafunguliwa mpaka linafungwa. Angalia nani anahesabu fedha, nani anasahihisha, nani hajafungua kinywa. Mkutano mmoja utakufunza kuliko karatasi hamsini.

*Punje za mahindi.* Chora mada za mafunzo kwenye karatasi kubwa, kila moja kwa picha: hisa, mikopo, mfuko wa jamii, katiba, biashara ndogo. Zitandaze chini. Mpe kila mtu punje kumi. Duru ya kwanza: "Weka punje nyingi pale unapoweza kumfundisha mwenzako." Duru ya pili: "Weka nyingi pale unapokwama." Ili watu wasimfuate mwenyekiti, weka picha nyuma ya nyumba na kila mmoja aende kwa zamu yake. Kisha hesabuni wote pamoja, na hapo ndipo kazi inapoanza: uliza kwa nini mada hii ina rundo na ile haina kitu. Punje ni kisingizio cha kuanzisha mazungumzo.

*Makundi madogo.* Watenge wanawake na wanaume, vijana na wazee, viongozi na wanachama wa kawaida. Mkwe hatasema mbele ya mama mkwe kwamba mikopo inapendelea ukoo mmoja.

*Simu.* Shirika la Twaweza lilipoanzisha utafiti wa maoni kwa simu uitwao Sauti za Wananchi Tanzania Bara mwaka 2013, liliwapa washiriki simu pamoja na chaja za sola, kisha likawapigia kila baada ya muda. Funzo lake ni kwamba anayeuliza ndiye abebe gharama. Ukitoa namba ya simu, watu waruhusiwe kubipu na wewe upige. Kumbuka pia kwamba pale simu ya nyumba inaposhikwa na baba, ukiipigia utasikia maoni ya baba. Kwenye kundi la WhatsApp, ruhusu ujumbe wa sauti, maana wengi husema vizuri kuliko wanavyoandika.

*Kisa cha badiliko.* Mtaalamu wa tathmini Rick Davies alibuni njia hii katika miaka ya 1990 alipokuwa akifanya kazi Bangladesh. Waulize wanakikundi: "Tangu mafunzo yale, badiliko gani ni kubwa kuliko yote mliyoyaona?" Sikiliza visa vitatu au vinne, kisha wao wenyewe wachague kimoja na waeleze sababu ya kukichagua. Sababu hiyo hukuonyesha wanachokithamini, ambacho pengine hakimo kabisa kwenye malengo yako. Usiishie kwenye visa vya furaha. Omba pia kisa cha jambo lililokwenda mrama.

*Kikao cha wawezeshaji.* Siku hiyohiyo mafunzo yanapoisha, kabla ya kupanda gari, wakae nusu saa wajibu maswali manne: Tulipanga nini? Kilitokea nini? Kwa nini vimetofautiana? Kesho tubadili nini? Yaandikwe papo hapo. Kesho yake yatakuwa yamesahaulika.

Sanduku la maoni ukutani nimelitaja mwisho kwa makusudi. Linamtaka mtu ajue kuandika, awe na kalamu, na aamini kwamba mwandiko wake hautatambuliwa. Liwepo, lakini usilitegemee.

5. Mlinde anayekuambia ukweli

Mwulizaji asiwe mwalimu aliyefundisha. Badilishaneni vituo, au mwombe mtu wa shirika jirani. Nauli na posho zitolewe kabla ya maswali, na isemwe wazi kwamba jibu lolote halitamwondoa mtu kwenye mradi.

Eleza unaandika nini, utakaa nacho wapi, na nani atakisoma. Mtu akikataa kurekodiwa au kupigwa picha, heshimu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019. Lakini hata pasipo sheria, daftari lenye majina na siri za watu halifai kuachwa kwenye kiti cha gari. Kwa maoni ya kuboresha mpango, majina mara nyingi hayahitajiki. Andika "mwanamke, kikundi cha pili, hisa chache," basi.

Kuna neno moja ambalo haliingii kwenye rundo la maoni. Mtu akikuambia kwamba mwezeshaji alidai fedha au alimtaka kimapenzi ili amwingize kwenye orodha, hayo ni malalamiko, na yana njia yake: yafike siku hiyohiyo kwa mtu aliyeteuliwa na uongozi, asiye chini ya mtuhumiwa, na aliyelalamika alindwe. Kama shirika halijamteua mtu huyo, mteue kabla hujakwenda kuuliza chochote.

6. Yasome maoni yakiwa bado ya moto

Ndani ya wiki moja, kaeni wote mliokusanya. Someaneni maneno kama yalivyosemwa. "Mwalimu anakimbia kama anawahi meli" ina habari kuliko "kasi ya ufundishaji iangaliwe."

Rudi kwenye zile safu tatu za mwanzo na kila neno uliweke mahali pake. Yasiyohitaji fedha yaanze mara moja. Kwa mfano, vikundi vitatu kati ya vinne vikisema siku tatu mfululizo zinawavunjia kazi, unaweza kugawa saa zilezile katika nusu siku sita, baada ya siku ya gulio. Makatibu wakionekana kukwama mwezi wa pili, hamisha ziara moja ya ufuatiliaji kutoka mwezi wa sita uilete huko. Fedha ni ileile, msaada umefika unapohitajika.

Hesabu, lakini usiruhusu hesabu ikutawale. Mwanachama mmoja asiyeona akisema kwamba mihuri ya kitabuni haimsaidii, yeye ni mmoja kati ya ishirini na watano. Hata hivyo kwake yeye mafunzo yote yamepotea. Maoni ya wengi hukuonyesha mahali pa kuanzia. Maoni ya mmoja yanaweza kukuonyesha mtu uliyemwacha nje.

Pale maoni yanapogongana, usitafute katikati. Vijana wakitaka somo la mikopo lirefushwe na wazee wakitaka lifupishwe, rudi uulize kila upande umekwama wapi. Mara nyingi utakuta shida ni moja, yaani namna riba inavyohesabiwa.

Kila uamuzi uandikwe ukiwa na jina la mtekelezaji na tarehe. Kisha mpango mpya ujaribiwe kwa kikundi kimoja au viwili kabla ya kupelekwa kote, na karatasi iandikwe "Toleo la pili" ili mtu asije akafundisha kwa ile ya zamani.

7. Ratiba ya shirika dogo

Shirika la wafanyakazi wanne linaweza kuimaliza kazi hii kwa wiki sita bila kusimamisha mengine. Wiki ya kwanza, ukurasa mmoja na safu tatu. Wiki ya pili, kuandaa maswali na kuyajaribu kwa kikundi cha jirani. Ya tatu na ya nne, ziara. Ya tano, kusoma na kuamua. Ya sita, kurudi kwa watu. Wengi huikata wiki ya sita kwa sababu ya uchovu au mafuta ya gari. Ikibidi kukata, punguza kikundi kimoja katika ziara, lakini wiki ya sita isiguswe.

8. Rudi ukalipe

Nenda kwa vikundi vilevile, usome kwa sauti mambo matatu: mlituambia nini, tumebadili nini, na nini hatukuweza na kwa sababu gani. Sehemu ya tatu ndiyo inayojenga imani. Mtu mzima huelewa "bajeti haikutosha" ikisemwa mapema na waziwazi. Kisichosameheka ni kimya. Maneno hayohayo mpelekee mfadhili, pamoja na mabadiliko mliyoyafanya. Mfadhili mwenye nia njema hujifunza kutokana nayo.

Kama hujui uanzeje kurejesha, wanakikundi wenyewe watakufundisha. Kabla sanduku halijafungwa, katibu hutangaza kwa sauti ni kiasi gani kimebaki ndani na kuwataka wote wakikumbuke. Mkutano unaofuata hufunguliwa kwa swali: "Mara iliyopita tulibakiwa na shilingi ngapi?" Wanachama hujibu, wakiwemo wasiojua kusoma na asiyeona. Ndipo fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Zikilingana, kazi inaendelea. Zisipolingana, hakuna jambo lingine linalofanyika mpaka ieleweke.

Shirika lako nalo liingie kwenye utaratibu huo. Ziara yako ijayo ifungue kwa kuuliza, "Mara iliyopita mlituambia nini?" Waache wakumbuke wao, mmoja mmoja. Kisha ufungue daftari lako mbele yao, mhesabu pamoja.